Taa za Wakfu za Mwalimu Mwanatatu

Huku kwetu Mtongwe nguzo za stima zilikuja na barabara, zikafika msikitini, zikachoka. Kutoka msikitini mpaka nyumbani kwangu ni mwendo wa kumaliza andazi moja, lakini ukiuliza mbona waya hauvuki, utaambiwa ardhi ina kesi, hati hazijatoka, njooni mwaka ujao. Mimi nimeolewa, nimezaa, nimeachika, na huo mwaka ujao bado uko njiani. Basi jua likizama kila mtu ana akili yake ya kujipatia mwangaza.

Mwalimu Mwanatatu giza lilimkera kuliko sisi sote, maana kazi yake iliangukia saa hiyo hiyo. Alikuwa na chuo cha Kurani barazani kwake, na watoto walikuja baina ya magharibi na isha. Saa nyingine hakuna: mchana wako shule, alasiri wateka maji, na Jumamosi mama zao wawataka nyumbani. Miaka thelathini na moja alifundisha hivyo. Nusu ya watu mnaowaona wakivuka feri asubuhi na nguo zao zimenyooka, alifu ya kwanza walionyeshwa na yeye, na bakora zake wamezila. Mimi ni mmoja wao. Naitwa Mwanarusi, nauza viazi karai na mbaazi hapo kona, na kidole changu hiki cha shahada hakikunjiki vizuri mpaka leo kwa sababu ya bakora ya Mwalimu. Nilistahili.

Alikuwa mjane, hana mtoto. Mchana alisuka ukili, akauza kwa washona mikeka, na kila Alhamisi wanafunzi walimletea ada, sarafu mojamoja, kila mwenye nayo. Hakuna aliyefukuzwa kwa kukosa ada. Aliyekosa adabu, huyo alikiona.

Tulisomea koroboi. Vikopo vya maziwa vyenye utambi, kila mtoto aje na chake na mafuta ya taa kidogo ndani. Ishirini na sita barazani, vichwa vimeinama, moshi juu. Ukirudi nyumbani ukapenga kamasi, leso yawa nyeusi. Mwalimu macho yalimchuruzika miaka yote, akisema ni uzee. Uzee gani, ilhali alianza kuchuruzika akiwa na miaka arobaini!

Siku moja binti yangu Salha, ana miaka minane, aliinama kufuata mstari, ncha ya mtandio ikagusa moto. Mwalimu alimrukia, akamzima kwa viganja vyake mwenyewe. Sikio la kushoto la Salha limesinyaa. Viganja vya Mwalimu vilitoka malengelenge, hata ukili akashindwa kuushika kwa mwezi mzima. Mimi sikumlaumu, wallahi, sikumlaumu hata kwa jicho. Lakini yeye alifunga chuo, akakaa mlangoni, akaniambia, "Mwanarusi, koroboi haiingii tena humu. Ama nipate taa ya haki ama chuo kife."

Akaanza kuulizia taa za sola. Kule feri alinunua moja ndogo, ile ya kuanika juani mchana. Nzuri, lakini mwangaza wake watosha watoto wanne wakibanana. Akawa awaita wannewanne, wengine wangoje nje wakipigana mateke. Wenye kuchoka wakaacha kuja. Kila jioni alihesabu vichwa, na kila jioni vilipungua.

Mfungo Sita ukaingia, tukasoma Maulidi msikitini. Hapo ndipo alipotokea Najib.

Huyu mmjue vizuri. Najib ni mtoto wa papa hapa. Mamake na Mwalimu walikuwa chanda na pete, na mamake alipofariki, Najib ana miaka kumi, alikuwa akila kwa Mwalimu, akilala kwa Mwalimu, na ada hakutoa hata Alhamisi moja. Leo ana duka la vifaa vya ujenzi, akaa Nyali, na akija kwetu aja na gari jeupe ambalo watoto huandika majina yao kwenye vumbi lake. Mzuri wa uso na mtamu wa ulimi. Mwalimu akimtaja, sauti yake yabadilika.

Basi Maulidi yalipofika dua, Najib akasimama, kanzu yake yatoa harufu ya udi, akasema kwa kipaza sauti, "Jamaa, natoa taa nne za sola, na paneli yake na betri yake, ziwe wakfu kwa chuo cha Mwalimu Mwanatatu. Thawabu zake zimwendee marehemu mamangu." Lo! Takbiri ilipigwa mpaka popo wakaruka. Nyuma ya pazia la wanawake Mwalimu alilia kwa sauti, na sisi tukalia naye. Mimi nilimwombea Najib umri mrefu. Naitaka dua ile inirudie, lakini dua hazirudishwi.

Wiki ya pili akaja msichana wa kampuni ya sola, Lynnette, kijana wa bara, kwenye bodaboda na maboksi. Kiswahili chake cha mbiombio lakini heshima anayo. Akaamkia, akatoa karatasi, akasema, "Mama, nipe kitambulisho. Hii inalipwa pole pole kwa simu, kila siku kidogo, mwaka mmoja na nusu. Ikikaa siku tatu bila malipo inajifunga yenyewe, hata jua liwake aje."

Mwalimu akashangaa. "Mwanangu, hizi ni wakfu. Kitu cha wakfu chadaiwaje?"

"Mimi nimeambiwa tu nifunge, mama. Pesa ya kwanza imelipwa na mtu anaitwa Najib."

Tukampigia Najib, mimi nikiishika simu ili wote tusikie. "Mwalimu wangu!" akacheka. "Huo ni utaratibu tu. Mpe kitambulisho chako, kwa sababu taa zakaa kwako. Mlipaji ni mimi, na kabla ya Ramadhani nitakuwa nimemaliza. Kwani si wewe uliyetufunza kwamba amali huhesabiwa kwa nia?"

Alimfunza yeye, kweli. Mwalimu akatabasamu, akaingia ndani kutafuta kitambulisho. Akaweka sahihi kwa herufi za Kiarabu, Lynnette akaigeuza karatasi huku na huku, mwisho akaomba na kidole gumba.

Sitasema uongo, miezi miwili ile ilikuwa mizuri. Taa nne juu ya baraza, nyeupe, hazina moshi. Watoto wakaona irabu, wakaona nukta. Kulikuwa na kitoto kimoja tulikisifu sana kwa kusoma haraka. Taa zilipowaka Mwalimu akagundua kwamba juzuu yake imekaa kichwa chini miguu juu, yeye ajisomea ya moyoni. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na Mwalimu pia, ingawa alimchapa. Wanafunzi wakafika arobaini. Macho ya Mwalimu yakakauka. Akasema sasa aweza kufundisha miaka kumi mingine, inshallah, na alisema hivyo kila siku kama mtu anayehesabu nguo mpya.

Sasa sikilizeni. Mwalimu Mwanatatu akisoma Kurani utasimama njiani, na barua ya Kiswahili akuandikia kwa herufi za Kiarabu. Lakini herufi za simu hazijui. Kwa hivyo simu yake ikilia ujumbe, huita, "Mwanarusi!" Nami huitika, "Abee, Mwalimu!" nikapangusa mikono mafuta ya viazi, nikaenda kumsomea. Miezi miwili nilisoma, "Asante, malipo yamepokelewa." Mwezi wa tatu nikasoma, "Malipo yako hayajapokelewa kwa siku tatu." Nikausoma mara mbili, nikidhani nimekosea.

Jioni ile taa hazikuwaka. Jua limepiga mchana kutwa, paneli iko juu ya makuti yang'ara, na ukibonyeza swichi, kimya. Watoto arobaini gizani.

Najib akasema Jumatatu, inshallah. Jumatatu ikaja ikapita, ikaja nyingine. Kisha akawa hashiki simu. Kisha simu ikawa yashikwa na mtu mwingine, "Bwana yuko mkutanoni." Mkutano gani huo wa mwezi mzima? Mimi nilimwona kwa macho yangu pale feri, ndani ya gari, vioo juu, atafuna miraa na wenzake.

Nikamwambia Mwalimu, "Jambo hili ni dogo. Watoto arobaini, kila mama atoe shilingi mbili kwa siku, taa zinawaka mpaka deni liishe. Niache niwaambie kesho."

Akatikisa kichwa. "Hizi ni wakfu za mama yake Najib. Watu wengine wakizilipa, thawabu yawa yao. Wataka nimwibie maiti?"

"Mwalimu, Najib halipi!"

"Najib alinuia. Na ukiwaambia akina mama walipe, wataniuliza kwa nini. Nitasema nini? Nimtoe mtoto wangu uchi mbele ya watu?"

"Mtoto wako ana duka! Ana gari!"

Akanikata jicho lile la zamani, nikajikuta nina miaka saba. "Mwanarusi. Neno hili likitoka kinywani mwako, radhi yangu huna, duniani wala akhera."

Enyi msiokulia pwani, mtasema radhi ya mwalimu ni nini. Ni kitu gani mbele ya haki? Mimi nililelewa nikijua kwamba mtu aliyekosa radhi ya mwalimu wake hata chakula chake hakina baraka. Basi nikaufyata. Nilirudi kwenye karai langu nikavigeuza viazi kwa hasira, vikaungua, wateja wakanung'unika.

Akaanza kuzilipa mwenyewe. Alisuka ukili kuanzia alfajiri, hata vidole vikapasuka, akavifunga vitambaa akaendelea. Ada ya Alhamisi yote ikaingia kwenye simu. Sukari akaacha, akasema imemchosha. Samaki akaacha, akasema ananuka. Mimi nikalipa siku mbili kwa siri. Akajua, akaja kwangu akanunua sufuria nzima ya mbaazi asizozila, na nilipokataa pesa akaziweka juu ya meza akaondoka. Mwanamke mkaidi yule! Nilitamani kulia, nilitamani kumpiga.

Ukili haushindani na kampuni. Taa zikawa zawaka siku tatu, zafunga mbili. Watoto wakiuliza, Mwalimu awaambia, "Leo sola imepumzika, hakukuwa na jua." Hakukuwa na jua! Mtongwe, Januari, mpaka ardhi yachoma nyayo! Mwanamke aliyetuchapa kwa uongo wa kusema tumeoga na hatujaoga, leo aongopea watoto wa miaka minane, na wao wamtazama, kisha watazama mbingu. Kwa hilo peke yake mimi Najib sitamsamehe.

Shaabani ilipoingia, Lynnette akarudi na mwanamume mwenye ngazi. Ilikuwa saa kumi jioni, watu wako nje wote, wengine waenda kisimani, wengine watoka shule. Wakapanda juu ya makuti, wakaishusha paneli. Wakatoa taa moja moja, wakakunja nyaya. Msichana masikini alikuwa karibu kulia. Watu wakamzunguka: mbona, kwa nini, hizo ni za wakfu! Akajibu alilolijua: "Karatasi iko na jina la huyu mama. Malipo yake yamekuwa na mapengo miezi kadhaa. Mimi nimetumwa tu."

Basi. Ilitosha. Kabla ya magharibi habari imeshafika Shelly Beach na kurudi. Kumbe Najib alitoa taa, Mwalimu akazibadilisha kwa jina lake! Kumbe Najib alikuwa amtumia pesa, yeye azila! Ndiyo maana alisuka usiku na mchana, alikuwa ajaribu kuficha! Kila alichokifanya kwa ajili ya kumsitiri Najib kikageuzwa ushahidi dhidi yake. Na kula wakfu kwetu si kama kuiba kuku. Mtu aliyekula wakfu watu hawaketi naye mkeka mmoja.

Jioni ile walikuja watoto kumi na mmoja. Ya pili, wanne. Ya tatu alikuja Salha, kwa sababu nilimshika mkono nikampeleka.

Kamati ya msikiti ikaita kikao siku ya Jumapili baada ya alasiri, uani, wanaume kwenye viti na wanawake kwenye mikeka. Mwalimu alivaa buibui lake la Idi, akaketi mbele. Nafasi ya mkeka kushoto kwake ilibaki tupu, na kulia niliketi mimi.

Imamu Rashid ni mpole, hasemi neno ila amelipima. Akasema, "Mwalimu, hatukukuita kukuhukumu. Wakfu ni amana, na watu wanauliza. Tungependa kusikia kutoka kwa aliyetoa, kisha kutoka kwako."

Najib akainuka. Gari jeupe limeegeshwa nje ya lango, mlango wazi, kama mtu asiyetaka kukaa. "Jamaa zangu," akasema, "mimi nilitoa mbele yenu, mliniona. Yaliyofuata muulizeni mwenye jina kwenye karatasi. Mimi sitaki kumvunjia heshima mwalimu wangu aliyenilea. Naomba tuyaache."

Tuyaache! Ameshamwagia mwanamke matope toka utosini, kisha tuyaache! Nilisikia masikio yangu yawaka moto. Radhi au si radhi, miguu yangu ilinisimamisha.

"Wallahi, wabillahi, watallahi!" nikasema. "Najib alilipa miezi miwili. Baada ya hapo hakutoa hata shilingi. Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma ujumbe, mmoja mmoja. Mwalimu alikatazwa na haya kumtaja. Alilipa kwa ukili, kwa ada, kwa njaa! Mwamwona alivyokonda? Nendeni mkatazame jikoni kwake, hakuna hata punje ya sukari! Na msiniamini mimi. Simu yake ina kila kitu, itoeni isomwe hapa, sasa hivi!"

Najib alikuwa ameinamisha kichwa, na nyuma ya shingo yake nikaona jasho. Nikajua nimempata. Nilifurahi, siwafichi.

Imamu akamgeukia Mwalimu. "Mwalimu, simu iko wapi?"

Akainuka taratibu, akijishika goti. "Simu ilinitumbukia chooni jana."

Asubuhi ya Jumapili ile ile nilikuwa nimemsomea ujumbe kwenye simu ile. Nikamshika buibui, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nakuomba." Akauondoa mkono wangu, polepole, kama anavyomwondoa mtoto aliyeshika ukurasa vibaya.

"Mwanarusi ni mwanafunzi wangu," akasema, na sauti yake ilifika mpaka langoni, ile ile ya kuongoza watoto arobaini. "Ananipenda, na mapenzi yamemfanya aseme yasiyokuwa. Najib alinipa pesa zote, mkononi. Mwenye kuzila ni mimi. Wakfu wa mama yake ulitimia siku alipoutoa, na dhambi ni yangu."

"Mwalimu," Imamu akasema, "umelielewa ulilolisema?"

"Nimelielewa, na sitalirudia."

Wakati ule nilimchukia. Mungu anisamehe, nilimchukia kuliko Najib. Nimeapa kwa jina la Mwenyezi Mungu mara tatu mbele ya watu wote, na yeye amenifanya muongo, na amefanya hivyo kwa ajili ya maiti na kwa ajili ya mtu asiyemjali. Wanawake walionikalia nyuma wakaanza kunong'ona. Mmoja akasogeza kanga yake isiguse yangu.

Imamu akatoa uamuzi: chuo kifungwe, watoto wahamie darasa la msikitini penye stima, na Mwalimu amwombe Mungu toba. Nikamkazia Najib macho. Alikuwa na nafasi. Neno moja tu, "La, Mwalimu anasema uongo," na chuo kingekuwa cha Mwalimu tena, na miaka thelathini na moja ingekuwa yake tena. Najib akamtazama Mwalimu. Midomo yake ikafunguka, na mimi, mjinga, nikaweka mkono kifuani nikingoja.

Akainua viganja juu. "Mimi nimemsamehe," akasema. "Mwenyezi Mungu naye amsamehe."

"Amin," ua mzima ukaitikia, na Mwalimu Mwanatatu akaitikia nao, kwa herufi zote, kama alivyotufunza. Asiyeitikia ni mimi peke yangu, na hilo ndilo watu walilolizungumza walipokuwa wakienda zao.